Kadi ya Salamu ya Mtu Mmoja

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilikuwa nashona katika chumba kimoja na msusi wa Kikongo, huko Johannesburg, mtaa wa Malvern, Jules Street. Mimi dirishani na cherehani yangu, yeye ukutani na vioo vyake, na katikati yetu kompyuta kuukuu aliyoinunua ili wateja wasichoke kukaa saa nne wakisukwa. Kazi kubwa ya kompyuta hiyo ilikuwa kutuchekesha kwa video za mtandaoni. Humo tulimwona mbuzi aliyeingia kanisani akasimama na kwaya, tena upande wa sauti ya pili, na bwana harusi aliyecheza mpaka kiatu kikamtoka kikatua kwenye keki. Mimi hujifanya mtu wa kazi asiyependa upuuzi, lakini suruali moja ya mteja iliungua na pasi kwa sababu ya yule mbuzi.

Asubuhi moja msusi aliniita. "Ndugu yangu, kuya uone. Kuko mtu wa kwenu anaweka kaseti za zamani."

Ilikuwa picha ya kaseti tu, imetulia, na nyuma yake muziki wa bendi za kwetu Bujumbura uliorekodiwa kutoka redioni. Waliousikiliza kabla yetu wasingejaza hata teksi moja ya kwenda mjini. Gitaa la kwanza lilipolia nikaacha sindano. Lile ndilo lililokuwa likilia kwetu kila Jumapili mchana, mama akipepeta mchele, na sikujua kama bado lipo duniani. Wiki nzima hatukutazama mbuzi wala harusi, mpaka wasichana waliokuja kusuka wakanung'unika kwamba wanapigiwa nyimbo za babu zao.

Utamu wa kaseti hizo ni kwamba aliyerekodi hakukata maneno ya mtangazaji. Siku hizo wimbo wa Jumapili haukupigwa bila salamu. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya watu kumi unaowasalimia, ujumbe na wimbo unaoutaka, ukaipeleka redioni, kisha ukakaa kusubiri isomwe. Baba yangu alikuwa bingwa wa kadi hizo, na mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua kwa hilo. Aliwasalimia wacheza karata wenzake, fundi baiskeli, hata kinyozi aliyewahi kumkata sikio.

Ila dada yake, baba hakumsalimia. Na dada yake ndiye aliyemlea, maana wazazi wao walifariki baba akiwa hajamaliza kuota meno ya pili. Aliuza dagaa sokoni, akamsomesha mpaka akajua kuziandika hizo kadi zenyewe. Shangazi alisikiliza Jumapili baada ya Jumapili, fundi baiskeli akitajwa, yeye hatajwi. Mwisho akampa jirani redio yake, na tangu hapo kila aliyeanza habari za redio mbele yake alikatwa kauli. Baba hakuwahi kujitetea. Alipofariki huko nyumbani, mimi na shangazi tukiwa tayari Johannesburg, shangazi alikuja kwenye matanga chumbani kwangu, akapika, akaosha masufuria, akaondoka bila kulitaja jina la marehemu. Jambo hilo liliniuma sana. Nilitaka amsamehe baba yangu, na sikuwa na neno hata moja la kumtetea.

Alhamisi ya wiki ile ya kaseti nikasikia jina la baba. Mtangazaji alilisoma kwa mbwembwe zake, kisha akasita.

"Huyu bwana leo ametushangaza," alisema. "Kadi nzima, nafasi kumi, ameandika mtu mmoja."

Akasoma jina la shangazi, kamili, pamoja na jina la baba yao na meza yake ya dagaa kwenye mlango wa pili wa soko. Halafu ujumbe: "Dada, wewe sikuweza kukuchanganya na wacheza karata. Nilikuwa natafuta wimbo wa kukupa peke yako."

Nililia palepale, suruali ya mtu ikiwa mapajani. Msusi akaacha kusuka. "Eish," akasema, akachukua simu yangu aniwekee ile sauti.

Jumapili nikapanda hadi mtaa wa Observatory, ambako shangazi alikuwa amepanga chumba cha uani. Nilimkuta anachambua dagaa wa kupeleka kwenye meza yake, soko la Yeoville. Sikuthubutu kutaja redio. Nilisema nina kitu nataka asikie.

"Kama ni yule mbuzi wako, nilishamwona," alisema.

"Si mbuzi, shangazi."

Nikaiweka simu pembeni ya ungo. Sauti ya mtangazaji ilipotoka alinyoosha mkono aizime. Jina la baba likasomwa, na mkono ukabaki hewani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama. Wimbo ulipoanza akasema, "Huu wimbo mimi siupendi," huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu.

"Hii ilisomwa redioni kabisa?" aliuliza. "Watu wa sokoni walisikia?"

"Walisikia, shangazi."

"Mimi nilikuwa nimeshatoa redio." Akajipangusa uso kwa kitenge. "Na hakuniambia kitu."

"Nadhani alikuwa anangoja wewe umwambie kwamba umesikia."

Alichambua dagaa kidogo, akaacha, akachambua tena. Nilianza kujuta, nikadhani nimemwongezea uchungu ambao umri wake hauhitaji. Ndipo aliponisimulia, bila mimi kuuliza, jinsi baba alivyokuwa akilala chini ya meza sokoni akiwa mdogo, na jinsi alivyonuka samaki shuleni, akapigana na kila aliyemcheka. Alilitaja jina lake mara nyingi sana mchana ule. Nilirudi Malvern kwa miguu, nimeshiba furaha, hata teksi sikuitafuta.

Jumamosi iliyofuata alinipigia simu niende sokoni, na simu yangu iwe imejaa moto, betri isije ikazima. Nilimkuta amewakalisha wanawake wanne wa Kirundi kwenye vigoda mbele ya meza yake, na wateja wanasubiri.

"Weka," akaniambia, "na sauti uipandishe." Kisha akawageukia wenzake. "Nyamazeni kwanza. Mdogo wangu ananisalimia."