Mikanda ya Shangazi Isiyosafishwa

Elfu arubaini na mbili. Nimehesabu mara mbili nikiomba niwe nimekosea, sikukosea. Ndizo nilizomlipa muuza kamera wa Darajani kwa pakiti mbili za dawa ya kusafishia filamu. Alianzia themanini, nikamshusha, nikatoka najiona mjanja. Kufungua nyumbani, unga umeganda jiwe, rangi ya kutu. Mjanja wa kununua uchafu!

Ungemjua shangazi yangu wa Kikwajuni ungeelewa uchungu wangu. Tulipokuwa wadogo, miaka ya themanini ikiishia, yeye ndiye aliyepiga picha za shughuli za wanawake: bibi harusi anasingwa, anasuguliwa manukato mwilini, wageni wanacheza, vichwa wazi. Sharti lilikuwa moja, asizione mwanamme asiye maharimu, yaani anayeweza kuwaoa. Basi akizisafisha mwenyewe stoo, blanketi dirishani. Sie watoto wa kike tukiteka maji na kusuuza. Harufu ya dawa, kali kama siki, iliingia mpaka kwenye mkate wa kumimina. Tulikula hivyo hivyo.

"Sura ya mtu ni amana," akituambia.

Zikaja studio za rangi, mashine zinaendeshwa na vijana wa kiume, na mjini dawa na karatasi zikaadimika. Kila duka: "Subiri meli ijayo, Bi." Meli zikaja, zimejaa friji za mitumba. Shangazi hakuacha kupiga; mikanda akaitia kwenye bati la biskuti, dawa ikija ataisafisha. Amekufa anaisubiri. Nimeikuta kumi na tisa, kila mmoja na jina la bibi harusi.

Mmoja ni wa mama wa jirani yangu. Nyumba yao iliungua, mama naye keshazikwa. Huyo jirani, binti yake, hana hata picha moja ya mama.

Nilimrudia muuzaji.

"Dada, filamu imeshakufa, we bado umo tu?"

"Ulipopokea pesa zangu ilikuwa hai?"

Akacheka, hana haya. "Yuko fundi Dar, mzee mmoja, dawa anazo. Mpelekee kabla hajafunga."

Mzee mmoja. Mwanamme.

Jirani anasema nipeleke, mama ni wake. Sawa, lakini kwenye mkanda ule mama hakucheza peke yake. Wenziwe wengine wa hai, tunaamkiana sokoni. Na kila kaskazi ikipita, joto linaila filamu.

Nipe shauri, wewe uliyekulia nyumba kama yetu: nimpelekee fundi, au kwanza nibishe mlango wa kila bibi aliyemo mkandani, nimwombe ruhusa, na mmoja akikataa nimwambie nini yule binti?