Magadi ya Mara ya Pili

Siku moja hunirudia kila Desemba ikifika, mwanangu, nitake nisitake. Ni Krismasi ya mwaka ule watu wa kwetu Kibosho walipokuwa wanang'oa kahawa na kupanda nyanya, maana bei ya kahawa ilikuwa imekufa. Siku hiyo nilitema chakula cha mama yangu mbele ya ukoo mzima, halafu nikamtukana mtu asiye na kosa. Nami nilidhani namtetea mama.

Usinicheke kwamba nakuita mwanangu wakati ndevu zangu bado nyeusi. Uzee siyo mvi peke yake. Yapo makosa yanayomzeesha mtu ndani ya mwezi mmoja.

Nilikuwa mpishi wa mlimani. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilianza kama mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro, nikawa nachungulia sufuria za wenzangu mpaka siku mpishi mmoja alipougua tukiwa juu, nikashika mwiko wake. Chumba changu kilikuwa Pasua, mjini Moshi, lakini nikishuka mlimani sikwenda Pasua kwanza. Nilikwenda kwa mama na uchafu wangu, kula kiburu.

Kiburu ni ndizi na maharage, basi. Hakina mafuta wala mbwembwe. Maharage yanatangulia chunguni, ndizi mshare zinafuata, chumvi, kitunguu, na maji ya magadi kidogo ili kila kitu kilainike na kushikana. Hayo magadi ndiyo yenyewe. Yakipungua unakula miti, yakizidi unakula sabuni. Na mama hakuwa na saa wala kijiko cha kupimia. Alikuwa na redio kaseti niliyomnunulia, na kaseti moja ya muziki wa dansi wa zamani, magitaa na tarumbeta. Ndizi zikishaingia, anabonyeza kaseti. Upande wa kwanza ukikata, anaweka magadi, anageuza. Upande wa pili ukikata, anaepua. Maneno ya nyimbo zile hakuyajua vizuri, akawa anaweka ya Kichagga yake mwenyewe, na mimi mpaka leo sijui mwanamuziki yule alikuwa analilia nini hasa.

Siku moja nikamletea kaseti ya vijana wa siku hizi, hawa wanaosema maneno haraka haraka. Akasikiliza kidogo.

"Huyu anagombana na nani?"

"Hagombani mama, anaimba."

"Basi mpe maji anywe. Niwekee yangu."

Nikiwa nakula ananiuliza habari za safari. Nimepika kambi ya Horombo, nimepika kambi ya Shira maji yakiwa yameganda ndooni, nimekwenda na wageni mpaka Serengeti simba wakinguruma karibu na hema la jiko. Yeye hakutaka habari za simba. Alitaka kujua kule juu ndizi zinaivaje. Nikamwambia kule juu hata viazi vinagoma kuiva, maji yanachemka lakini hayana moto wa kutosha. Akacheka sana. "Basi Mungu hakai huko," akasema, "angekula nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu, mwanangu. Ukiniuliza utajiri wangu ulikuwa wapi, ulikuwa pale kwenye kigoda, jikoni, moshi ukinitoa machozi.

Mwaka ule kiburu kikaanza kubadilika. Mwezi wa nane nikakuta magadi yamezidi kidogo. Nikala nikamaliza. Mwezi wa kumi ndizi zikawa na rangi ya kutu na ulimi ukawasha. Sasa, kaka yangu Deo alikuwa ameoa, mkewe Anjela ametoka kijiji cha Kwa Sadala, wana mtoto mchanga, wanaishi pale pale kihambani, shamba letu la nyumbani, na mama. Kila nikifika jikoni namkuta Anjela amekaa mlangoni karibu na mama, anachambua maharage, anaimba naye. Kichwa changu kikafanya hesabu ya haraka. Mama amepika miaka arobaini hajakosea. Kilichoongezeka jikoni ni huyu msichana. Basi ni yeye.

Sikuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilikuwa nimeshawahesabu kunguni na kuwapa majina.

Krismasi ikafika. Unajua Krismasi ya Wachagga ilivyo, kila aliyeko Dar, Arusha, Mwanza, anarudi. Tumetoka misani, mbuzi amechinjwa, watu wamejaa uani. Mama akasema nyama ni ya wote lakini kiburu amepika kwa ajili ya Gaspa wake. Gaspa ni mimi. Nikatia tonge mdomoni. Nikatema. Yaani nilitema chini, mbele ya watu wazima.

"Nani amepika hiki?"

Mama akaangalia sahani yake. Anjela alikuwa amesimama na beseni la kunawia, mtoto mgongoni. Akasema taratibu, "Ni mimi, shemeji. Magadi yamenizidi."

"Mwezi wa nane yalikuzidi. Mwezi wa kumi yalikuzidi. Nyie Kwa Sadala mnapika au mnafua?"

Binamu yetu wa Dar akadakia, "Muache bwana, leo tumeoga mpaka matumbo." Watu wakacheka. Kile kicheko ndicho kilichonipa mbio, mwanangu. Mtu mwenye hasira usimpe wa kucheka naye.

"Umekuja umemnyang'anya mama mwiko," nikasema, "sasa unatulisha uchafu kwa jina lake. Kama jiko limekushinda, kwenu kupo."

Deo akasema, "Gaspa, kaa chini." Sikukaa. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Anjela alikuwa bado ameshika beseni. Alikuwa anamwangalia mama, na mama alikuwa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Kesho yake asubuhi Anjela alimpigia mama goti, akamuaga, akaenda kwao na mtoto. Deo alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akanikuta nachota maji. Deo siyo mtu wa maneno.

"Umemtetea mama," akasema. "Sasa utampikia."

Nikaona ananipa heshima. Kweli kabisa, nilifurahi. Januari nikaacha kupanda mlima, nikahamia nyumbani nikae na mama kama zamani.

Asubuhi ya kwanza nikakaa pale pale alipokuwa anakaa Anjela. Mama akaweka ndizi, akabonyeza kaseti. Upande wa kwanza ukakata. Akamimina magadi, akageuza. Tukaongea kidogo. Akasimama, akaangalia chungu kama mtu aliyeitwa, akachukua kile kibakuli akamimina magadi tena. Nikadhani sijaona vizuri. Akaitoa kaseti, akairudisha upande uleule, akakaa. Baada ya muda akanyoosha mkono mara ya tatu.

"Mama," nikasema.

Akasimama hivyo, kibakuli mkononi. Hakunigeukia. "Nimeshaweka?"

"Umeshaweka."

"Aika mwanangu." Ni asante kwa Kichagga. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akiwa bado anaangalia chungu, "Ila Anjela, nakuomba, usimwambie Gaspa. Akijua atanikataza kupika, na mimi nikiacha kupika atakuja kufanya nini hapa?"

Mwanangu, nimeshuka kambi ya Barafu usiku na homa kifuani. Sijawahi kuishiwa pumzi kama asubuhi ile.

Ndiyo nikaelewa. Yule msichana hakukaa mlangoni kuharibu. Alikaa kuhesabu. Mama akisahau anamkumbusha kwa wimbo, kwa utani, asijione mjinga. Magadi yakizidi anamwaga maji anaweka mengine. Hata mumewe hakumwambia, maana Deo anashinda shambani na jioni anakuta chakula kimeshatengenezwa. Krismasi aliitwa nje kupokea wageni, chungu kikabaki na mama peke yake. Na nilipouliza nani amepika, akaibeba aibu ya mama yangu akaivaa yeye, mbele yangu mimi niliyejiita mtetezi.

Hapo ningenyamaza nikafikiri. Lakini nani amenifundisha kufikiri? Nikaogopa moto, nikaogopa chungu kumwagika, nikainuka. "Mama, kaa. Kuanzia leo napika mimi." Nikamtoa mwiko mkononi. Hakubisha. Aliuachia kama mtoto anayeachia kitu cha mwenzake.

Wiki ya tatu ndiyo nikaenda kwa baba mkubwa Sirili, kaka wa marehemu baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na mdomo au umekuja na masikio?"

"Masikio."

"Basi kaa."

Nikamweleza yote. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, na hakuacha kuchonga.

"Unampenda mama yako, hilo hakuna anayebisha," akasema. "Lakini unapenda kama mbwa wa mlangoni. Anabweka kwa sababu anampenda mwenye nyumba, na anayembwekea ndiye aliyeleta maziwa. Ulikaa naye jikoni siku ngapi mwaka jana?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Hazikufika kumi.

"Yule mtoto wa watu alikaa zote," akasema.

Akaenda kwenye mpaka wa kihamba akakata jani la sale, akalifunga fundo. Labda umezaliwa mjini hujui: sale ndilo jani letu la kuomba radhi. Likiletwa na mzee, hata kama umeuliwa ndugu, huligeuzii mgongo. Akanipa nilibebe mimi, ila akasema nitakapofika nifunge mdomo wangu, ataongea yeye.

Kwa Sadala ilikuwa siku ya soko. Tulimkuta Anjela na mama yake wamepanga nyanya zao. Aliona jani mkononi mwangu, akajifuta mikono kwenye kanga, akatupeleka nyumbani kwa baba yake. Wazee wakaongea. Jani likapokelewa. Halafu baba yake akamwambia aseme alicho nacho.

"Sale halikataliwi," Anjela akasema. "Nimekusamehe, shemeji. Ila ulinitukana watu mia wanasikia, na msamaha umeniomba watu watano wanasikia. Hilo ulijue tu."

Nikainamisha kichwa. Alikuwa na haki.

Halafu akauliza, "Mama anapika?"

Nikasema kwa kujivuna kidogo, Mungu anisamehe, "Hapana, usiwe na wasiwasi. Nimemkalisha. Napika mimi."

Akauliza, "Toka lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Ungemwacha apike, Gaspa," akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliniita jina. "Mimi nilikuwa nakaa pembeni tu. Kupika ndiyo kulikuwa kunamshika."

Deo alikwenda kumchukua kwa heshima, akarudi naye baada ya siku chache. Asubuhi ile Anjela akamwita mama jikoni, akamwekea kigoda chake, akamwekea ndizi na kisu mapajani. Mama akashika ndizi. Akaigeuza huku na huku. Akamwangalia Anjela kwa adabu sana, kama mgeni asiyetaka kuonekana hajui mila za nyumba ya watu, akairudisha kwenye beseni.

Anjela akamenya zote yeye mwenyewe. Akapika kiburu kama alivyokuwa anamwona mama akipika, magadi mara moja. Tukala wote wanne na mtoto. Mwanangu, kilikuwa kiburu chenyewe. Nilitaka kulia nikaogopa kuharibu.

Mama alikula akamaliza sahani. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Aika, binti," akamwambia Anjela. "Umepika vizuri. Nani alikufundisha?"

Anjela akasema, "Mama mkwe wangu."

"Yupo mzima?"

"Yupo."

"Ukifika nyumbani umsalimie. Mwambie amekufundisha vizuri."

"Nitamwambia, mama."

Tulimzika mama masika ya mwaka huohuo, udongo ukiwa umelowa, mgomba mmoja umeangukia njia.

Sasa nikwambie nililotaka kukwambia. Hasira hasara, hilo ulishasikia, na ulishalisahau kama mimi. Nakuongezea jingine. Kumpenda mtu siyo kumpigania. Kupigania ni rahisi, hata mlevi anapigana. Kumpenda ni kukaa karibu naye mpaka ujue kinachomshinda, na ukishajua, umsaidie bila kumwondolea kazi yake mkononi. Mzazi wako akianza kukosea, usitafute wa kumlaumu. Sogeza kigoda. Na ukimkuta mtu amekaa pale kabla yako, awe mkwe, awe msichana wa kazi, awe jirani, muulize kwa heshima anachokijua, maana anakijua na wewe hukijui. Na ukimkosea mtu hadharani, usiende kumwomba radhi uchochoroni. Mimi Krismasi iliyofuata msiba nilisimama uani mbele ya ukoo wote, pamoja na yule binamu wa Dar, nikamtaja Anjela kwa jina na nikasema alichofanya. Nilichelewa mwaka mzima, na aliyestahili kusikia kuliko wote hakuwepo.

Mungu wa baba zetu akupe ulimi mzito na miguu myepesi ya kwenda nyumbani. Akupe mtu wa kukaa mlangoni siku mikono yako itakaposahau. Na akupe macho ya kumtambua mtu huyo mapema, mwanangu, angali anachambua maharage na anaimba.