Siku Kadibodi Zilipokubali kwa Niaba ya Mama

Nianze kwa kukiri, nisije nikaumbuliwa katikati ya hadithi: niliikalisha kadibodi yenye picha ya mama yangu kwenye kikao cha kazi, mbele ya kamera, nami nikaingia chini ya meza kula sambusa. Ndilo jambo la kwanza nililolifanya kwa hiari yangu katika utumishi, na ndilo lililonistaafisha. Nina miaka kumi na sita. Ninyi wa madarasa ya chini mnaongojea wiki yenu ya kujifunza kazi, kaeni vizuri niwaeleze kazi ya matangazo ilivyokuwa enzi zetu, yaani Ramadhani iliyopita.

Siku ya kwanza niliripoti nimevaa tai. Hakuna mwingine aliyevaa. Wenzangu shuleni walipelekwa benki na maduka ya baba zao. Mimi sikutakiwa popote, kwa hiyo Mama akanibeba kutoka nyumbani kwetu Al Mankhool, hapa Dubai, hadi ofisini kwake kama mzigo uliokosa mpokeaji. Wakala wao una ofisi dunia nzima, makao makuu London. Timu ya Dubai ni wanawake tu. Mama, Mzanzibari, ndiye mbunifu wa maneno: akikaa kimya ujue anapika tangazo. Anti Njeri wa Nairobi ni msanifu, anayepanga picha na rangi. Juu yao yuko Meneja wa Timu, Madam Priya, Mhindi mpole anayetisha. Makao makuu huwaita kwenye kila barua pepe "fahari yetu ya rangi zote". Anti Njeri akilisoma hilo husonya mpaka printa inasimama.

"Kijana," Madam Priya aliniambia, "hapa kuna kanuni moja. Mteja akisema anataka badiliko dogo tu, ghairi mipango yako ya jioni."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa eneo la viwanda la Ras Al Khor, kwenye karakana ya uchapaji, nikiwa na dereva wa ofisi. Tulifuata kadibodi za timu: picha zao zilizokatwa kwa umbo la mtu, kuanzia kichwa hadi kiunoni, zimekunja mikono, zinatabasamu. Zilikuwa za maonyesho ya biashara katika hoteli moja ya Dubai Marina. Wanawake wenyewe waliomba vibali vya kuingia, London wakajibu vibali vimekwisha, ila picha zao zitasimama mlangoni.

"Wee! Haya ni madharau," alisema Anti Njeri akijitazama. "Mimi nibaki hapa nikichapa kazi, hii iende hoteli? Na hata haijui kula!"

Tukaziegemeza ukutani katika chumba cha mikutano. Hapo ndipo shetani aliponiona.

Sasa niwaeleze brifu. Hayo ni maagizo ya mteja: anauza nini, anataka nani anunue. Brifu ile ilikuwa ya mafuta ya nywele. London walitaka msichana anayepeperushwa na upepo. Mama akaja na wazo lake: mama anamsuka bintiye, binti analia anaumizwa, mama anajibu, "Tulia, nakaribia kumaliza," naye ndiyo kwanza anaanza. Basi. Mama alipolisema, Anti Njeri na Madam Priya walicheka wakishika vichwa vyao, kwa sababu kila mmoja alishadanganywa hivyo hivyo kwa lugha ya kwao.

Hatua inayofuata huitwa pichi, yaani kusimama mbele ya mteja kumshawishi. London wakaamua atakayesimama ni Mkurugenzi wa Dunia, bosi wa ofisi zote, atakayekuja kwa ndege.

"Yule ana upara!" Mama alisema. "Atamweleza nini mteja juu ya kusukwa? Kazi niibuni mimi, akasifiwe yeye? Safari hii sikubali."

Jambo hilo lingeamuliwa kwenye kikao cha video. Na kikao, kama kawaida, kilipangwa saa ya London baada ya chakula cha mchana, ambayo kwetu ni magharibi. Ramadhani nzima! Madam Priya aliandika kuomba kisogezwe, akajibiwa "Tumepokea." Akaandika tena. "Tumepokea." Yeye hafungi, wala Anti Njeri, lakini hakuna aliyekubali Mama afuturu peke yake.

"Nassir," Mama aliniambia katika chumba cha mikutano adhana ilipokaribia, "kaa hapa. Wataanza na salamu na hali ya hewa. Wakigusa pichi tu, tuite. Umesikia weye?"

"Nimesikia, Mama."

Wakaenda chumba cha chai. Nikazikalisha kadibodi vitini, mbele ya kamera lakini mwisho wa meza, zisigundulike. Adhana ikaita, nikajimegea tende, nikachukua sambusa zangu, nikazama chini ya meza. Nia yangu ilikuwa kucheka kidogo, wallahi, halafu niwaite.

Mkurugenzi wa Dunia akatokea. "Nafurahi kuona nyuso zenye furaha leo," alisema. Akaeleza mvua ya London. Kadibodi zikatabasamu. Nikajiziba mdomo. Halafu, bila hata kupumua, akasema, "Kuhusu pichi, nadhani busara niifanye mimi. Kuna mwenye pingamizi?"

Kadibodi zikaendelea kutabasamu. Kiyoyozi kikavuma.

"Safi sana! Sijaona timu yenye maelewano hivi. Limepita."

Sambusa ikanikwama. Nikakohoa.

"Afya njema, Zuhura," Mkurugenzi akamwambia mama yangu wa kadibodi.

Nikatambaa hadi mlangoni, nikagongana na miguu ya Mama mwenyewe, ana kikombe cha uji mkononi, wenzake nyuma.

"Mama, wamekubali," nikasema.

"Nani?"

"Nyinyi."

Mama akatazama vitini. Kwenye skrini, Mkurugenzi alimwona Zuhura akiingia kumkuta Zuhura. "Mungu wangu," alinong'ona Anti Njeri, "mimi niko nyuma ya mimi."

Mama akaiondoa kadibodi yake, akaketi. "Bwana Mkurugenzi, radhi kwa utovu wa adabu wa mwanangu, nitashughulika naye. Lakini tumeomba mara ngapi kikao kisiwe saa ya futari? Na ulipouliza pingamizi, ulimwuliza nani?"

Mtu yule akajifuta upara. "Mimi... niliona..."

"Turudie kipengele hicho, sir," akasema Madam Priya taratibu. "Safari hii nitaandika majibu ya watu tu."

Kikarudiwa, Mkurugenzi akakubali, na pichi akaifanya Mama. Mteja, Madam mmoja Mwarabu asiyecheka ovyo, alisikia "Tulia, nakaribia kumaliza," akajishika kichwa, akacheka mpaka akalia. "Khalas, imetosha," akasema, "hii ni yangu."

Mimi nilikuwa nimeshastaafishwa. Madam Priya alinipa mkono: "Una kipaji. Kipeleke kwa washindani wetu." Katika uzee wangu huu jambo moja linanikera: vikao wamevisogeza, na Mkurugenzi sasa humtaka kila mtu apunge mkono kwanza, lakini kadibodi zilikwenda Marina vile vile, na wenyewe vibali hawakupata. Watu wazima wagumu kuelewa, jamani.

Mama aliporudi nyumbani kutoka kwa mteja alinikuta jikoni. Nanukuu bila kupunguza:

"Nimesema na watu wale kwa adabu, nimesema kwa Kiingereza, nimesema kwa vielelezo, hawakunisikia, wamenisikia siku weye ulipowaonesha kuwa hata hawanitazami. Sijui nikuchape, sijui nikubusu. Hebu toka mbele yangu kabla sijaamua."