Jino la Papa Ndani ya Rubisi

Jamani, leo jino la papa nusura livunje posa ya mwanangu!

Jino lenyewe ni la kale, limegeuka jiwe.
Nililiokota mwenyewe Lindi, nilipokwenda kumtazama huyo mwanangu kwenye mashamba ya mkonge. Ndilo langu la kwanza tangu nianze kuokota vitu vya kale.

Udongo ukagoma kutoka.
Nikalitumbukiza kwenye kibuyu cha rubisi. Pombe inayomvua mzee heshima zake ishindwe na udongo?

Sasa leo akaja mzee wa Ihembe, kutupa jibu kama binti yake ataolewa kwetu.
Mke wangu, bila kujua, akamkaribisha kwa kibuyu kilekile.

Mzee akavuta mrija. Wapi!
Akavuta tena mpaka macho yakamtoka.
Akauchomoa, akakuta jino limeziba ncha.

Akajipapasa ufizi. (Msicheke. Ana mapengo mengi, hesabu ilimshinda.)
"Loo! Uzee huu!" akasema, akalirusha migombani.

Mimi huyo, mbio! Nikapiga magoti, nikaanza kufukua majani makavu.

"Unatafuta nini, mzee mwenzangu?"

Ningesema nini?
"Jino lako, mzee. Wewe ni mgeni wangu, haliwezi kulala nje."

Machozi yakamlenga.
"Nyumba inayoheshimu hata jino langu bovu, binti yangu atakosa nini humo? Inuka, mkwe."

Jino nimelipata. Limetakata, linang'aa!

Ila mkwe amekaa hapa, kanyoosha mkono, anataka jino lake.
Nishaurini upesi: nimpe?