Begi la Kukaa Tumboni mwa Baiskeli

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na wengi hawakujua jina lake lingine. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye vidole vyembamba vilivyonukia mafuta ya mashine hata siku za mapumziko. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Ukimwita kwa cherehani iliyokwama, au inayokata uzi, au inayokwaruza kama ina mchanga kooni, aliinamisha sikio, akazungusha gurudumu mara mbili, kisha akakuambia kinachoiuma. Ila kushona kwenyewe hakujua. Mstari wake ulikwenda upogo, na vifungo vya mashati ya nyumba ile vilishonwa upya na mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyeshika sindano kama anashika chaki.

Jambo hilo liliwachekesha watu wote isipokuwa mama mkwe wake. Bibi huyo, aliyeishi nao katika chumba cha uani, alikuwa ameshona maturubai ya malori kwa miaka thelathini. Cherehani yake nzito ilikaa kwenye kona ya chumba, imefunikwa shuka, na kwa miaka tisa Fundi hakuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Fundi asiyejua kushona, alisema bibi bila kupandisha sauti, hatamgusia mashine yake. Fundi alilimeza hilo, na wakaendelea kula meza moja.

Basi Fundi alikuwa na mdogo wake wa kiume, mwendesha baiskeli za mbio. Alipooa akanenepa, na aliponenepa akamwachia dada yake baiskeli: fremu nyepesi ya kunyanyua kwa mkono mmoja, matairi membamba, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Fundi aliipenda siku hiyo hiyo. Miaka yote alikuwa akiwaendea wateja kwa miguu, sanduku la bati mkononi, bega moja limeshuka kuliko jingine. Sasa mwendo wa saa nzima ungekuwa wa robo saa. Swali lilikuwa moja tu, nalo halikumpa usingizi: vifaa vitakaa wapi?

Alianza na begi la mgongoni. Lilimtoa jasho, likamkata mabega, na kopo la mafuta lililokuwamo ndani likavuja taratibu njia nzima. Mteja wa siku ile alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Alimpokea mlangoni kwa bashasha, akampisha atangulie, akaliona doa jeusi mgongoni, kubwa kama sahani. Bashasha ikamkauka. Alimwomba kwa adabu zote asiegemee kitu chochote, asiketi, na ikiwezekana asigeuke. Fundi alifanya kazi siku hiyo amesimama katikati ya yale mavazi meupe kama mtu anayevuka mto uliojaa.

Mumewe alilivalia njuga suala hilo. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake, lakini alichora jedwali lenye safu saba: uzito, ujazo, maji, upepo, na mengine ambayo yeye peke yake aliyaelewa. Jedwali likatoa jibu kwamba mke wake anahitaji keria ya nyuma na mabegi mawili ya kuning'inia pembeni. Fundi akaenda na karatasi hiyo hadi duka la baiskeli. Muuzaji aliisoma mpaka mwisho kwa heshima, akairudisha, kisha akapiga magoti na kumwonyesha kuwa fremu ya baiskeli ile haina hata tundu moja la kufungia keria. Na hata ingekuwa nalo, akasema, gurudumu la nyuma liko karibu mno na pedali. Kila akikanyaga, kisigino kingekuwa kinalipiga begi teke.

Akamtolea begi refu la kufungwa chini ya kiti, la rangi nzuri ya damu ya mzee. Fundi alijua, kama anavyojua mashine mbovu, kwamba vyuma havifai kuning'inizwa kwenye mkia. Lakini ile rangi ilikuwa imeshamteka. Akalinunua.

Siku ya kwanza begi lilichezacheza nyuma yake kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Siku ya pili likalegea. Siku ya tatu, akiteremka mlima na kufurahia upepo, alisikia mtu akimwita kwa nyuma. Ni muuza mayai, naye juu ya baiskeli, trei zimepangwa kwenye keria yake hadi kichwani, ananyonga kwa nguvu zote na mkono mmoja umejaa bobini za uzi.

"Dada," alisema alipomfikia, akihema, "muuza mayai ni mimi, lakini anayetaga ni wewe."

Begi lilikuwa limeshuka mpaka likagusa tairi, na tairi likalitoboa kitako. Bobini, sindano, bisibisi ndogo na vipande viwili vya mkanda vilikuwa vimetapakaa barabarani tangu kilele cha mlima. Wakarudi wote wawili wakiviokota, mmoja kulia, mwingine kushoto, na muuza mayai hakuacha kucheka mpaka walipoagana.

Jioni ile Fundi aliliweka lile begi kwenye ngazi ya uani, akaketi kando yake. Mama mkwe alitoka kuanua nguo. Aliliokota, akaligeuza ndani nje, akavuta uzi mmoja kwa kucha, na mshono mzima ukafunguka kama zipu.

"Nani kakushonea huu uchafu?"

"Nimenunua dukani, Mama."

Bibi aliguna. Akauliza baiskeli iko wapi. Aliizunguka akiwa amefunga mikono mgongoni, akajaribu kiti, akakunjua gazeti na kulibana katikati ya fremu, pale penye pembetatu kati ya miguu ya mpandaji. Vyuma vikae hapa, alisema, tumboni, kwani mzigo wa mkiani ndio unaoyumbisha. Akakata gazeti kwa mkasi kufuata fremu. Kisha akamwagiza Fundi alete kila anachobeba.

Sanduku la bati likamiminwa sakafuni. Mlikuwa na spana za kila umri, kufuli lisilo na ufunguo, miguu ya cherehani ambazo hazitengenezwi tena, miwani ya mtu asiyejulikana, na nyundo tatu. Bibi aliamuru vilivyotumika mwezi huo viende kulia, vingine kushoto. Vya kushoto vikawa kichuguu.

"Nyundo tatu za nini?" aliuliza. "Unatengeneza cherehani au unajenga ghorofa?"

Fundi alijitetea kwamba kila moja ina kazi yake. Bibi akasukuma mbili kushoto. Ikabaki moja, ndogo.

Kesho yake bibi alijifungia chumbani na kipande cha turubai. Fundi alikuwa jikoni akimenya viazi, na kupitia ukutani akaisikia ile cherehani ikinguruma kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akaisikia pia ikiruka mishono. Tatu inashika, moja inaruka. Tatu, moja. Mwili ulimwasha. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama kokwa, asithubutu kuinuka. Mashine ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza. Hatimaye mlango ukafunguka kidogo, na sauti ikasema, kana kwamba inaagiza chumvi, "Mwanangu, hebu njoo usikilize kitu."

Fundi aliacha viazi. Aliosha mikono, akaingia, akapiga magoti. Ndoano inayoshika uzi kwa chini ilikuwa imechelewa kwa unene wa ukucha, basi. Akaisogeza mahali pake, akaipangusa mashine na kuitia mafuta. Bibi alikanyaga, akashona shubiri moja, akaukagua mstari kwa kidole gumba, mbele na nyuma. "Sasa inasema vizuri," alisema, na akaendelea na kazi.

Begi la kwanza lilikuwa nene mno. Magoti yalilisugua kila yalipopanda. Fundi aliogopa kusema, akasema. Bibi akalifumua bila kinyongo, akalipunguza vidole viwili, akalifunga na mikanda mitano yenye bizimu. Likakaa kama limezaliwa na fremu. Kwa mabaki akashona la pili, dogo, la chini ya kiti: la nguo tu, alionya, na chuma kisitie mguu humo. Mwalimu wa hesabu aliyapima yote mawili, akaongeza safu ya nane kwenye jedwali lake.

Mwezi uliofuata Fundi alifunga safari yake ya kwanza ndefu, kumtembelea mdogo wake mji wa pili, kilomita sitini. Vifaa tumboni, gauni la kubadilisha limeviringishwa nyuma. Kilomita kumi za mwisho mvua ilimkuta mahali pasipo hata mti. Alifika ameloa chapachapa, viatu vikipiga makofi, wifi yake akampokea kwa taulo. Alipofungua begi dogo, gauni lilikuwa kavu, hata mikunjo haikulishika.

Akapiga simu nyumbani. Aliyepokea ni mama mkwe, ambaye kwa kawaida hakupenda simu. Aliposikia habari za mvua, aliuliza kama maji yamepita kwenye zipu. Fundi akasema hata tone. Akauliza kuhusu kona ya chini, karibu na pedali. Kavu, Mama. Na ile mikanda, haikulegea? Haikulegea. Bibi akatafuta swali jingine la turubai, asilipate.

"Na wewe je?" akauliza mwishowe. "Umefika salama?"

"Nimefika, Mama. Nimeloa tu."

Bibi akamwambia abadilishe nguo upesi kabla baridi haijamwingia kifuani, halafu akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.