Makuti ya Bibi

Mvua ikilowesha makuti ya mgahawa ninamokula hapa Maili Moja, harufu yake hunirudisha shambani kwa bibi, kijijini Marui. Mwaka mmoja nikiwa mtoto, mvua zilikatika mahindi yakiwa na majani matatu tu, jua likawa linayababua. Bibi akachukua makuti aliyoyasuka kuezekea nyumba, tukayalaza juu ya vijiti kuyatilia mahindi kivuli.

“Na nyumba je, bibi?”

“Nyumba ikivuja tutasogea. Mahindi yatasogea wapi?”

Mvua ilirudi kesho yake alasiri. Ndani palivuja kila upande, tukasogea mpaka tukaishia pembeni, tumelowa. Bibi akatega sufuria ya mwisho, akachungulia shambani.

“Toka ukayaezulie mahindi,” akaniambia, “nayo yapate kunywa.”