Wachina Niliowakata kwa Kalamu Nyekundu

Kwa miaka mingi nilisema ni Hassan aliyepoteza aya ya Wachina. Ni uongo. Niliikata mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kampuni ya vitabu vya shule pale Industrial Area, Mhariri Mkuu alikitazama cheti changu cha digrii ya historia kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Akanipa kalamu nyekundu. “Hapa ukikata kitu cha mwandishi, unamuuliza kwanza,” akasema. “Digrii haijui kuuliza.” Kuuliza kwenyewe kulikuwa na utaratibu: unaandika swali kwenye kikaratasi, unakibandika pambizoni mwa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, kisha unampelekea mwandishi kwa mkono wako. Nilijifunza upesi. Nilikuwa mhariri mzuri, na sioni haya kusema hivyo; wengi waliokuja baadaye niliwafunza mimi.

Nilipopandishwa kuwa Mhariri wa Historia, tukapokea mswada wa Mwalimu Njuguna wa mtaa wa Lucky Summer. Katika sura ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika, aliandika kuhusu Wachina waliohamia huko wakapigana kama wanajeshi. Wengine waliorodheshwa kwa majina ya Kizungu, na baadaye wengine wakanyimwa uraia wa nchi waliyoipigania. Mimi na digrii yangu hatukuwahi kuwasikia. Nikaamua mzee amewachanganya na wajenzi wa reli. Kwenda Lucky Summer kungekula alasiri nzima, nami nilikuwa na miadi ya kusukwa Buruburu. Nikapiga mstari, bila kikaratasi.

Kitabu kilipotoka, Mwalimu alikuja ofisini nacho kwapani. Kwa upole alitueleza kwamba wanafunzi wake sasa wanamwita Mchina, kwa kuwa aliyowafundisha hayamo kitabuni mwake mwenyewe. Meneja wa Uchapishaji akataka kujua nani amehusika. Prufu zilikuwa zimeshatupwa. Nikasema huenda aya ilipotelea kwa mpangaji chapa.

Mpangaji chapa alikuwa Hassan, mtu wa Eastleigh, aliyepanga kurasa zetu kwa miaka bila kudondosha hata nukta. Akaitwa, akaulizwa mbele yangu.

“Kama madam amesema,” akajibu.

Wakamhamishia kwenye gundi, kubandika majalada. Huko ndiko alikomalizia kazi yake.

Siku hizi nimestaafu, mapema kidogo, naishi mtaa wa Fedha na naandika makala za kujicheka. Watu huniuliza kama najutia kazi yangu. Sijutii. Niliifanya vizuri, na sifa hiyo ndiyo iliyofanya uongo wangu uaminike bila swali.

Wiki iliyopita alinipigia mhariri wa sasa, binti mwenye adabu. Toleo jipya linakuja, akasema, na aya ya Wachina inarudi, kwa kuwa ushahidi umepatikana. Alitaka tu nithibitishe dibaji. Akanisomea: aya hii ilikosekana katika toleo la kwanza kwa kosa la mpangaji chapa, Bwana Hassan.

Jina lake lingeingia madarasani hivyo, kila mwaka.

“Hassan hakukosea,” nikasema. “Niliikata mimi, bila kumuuliza mwandishi, kisha nikamsingizia Hassan.”

Nikasikia sauti ya Mwalimu Njuguna. Sikujua kwamba naye yuko pale, na simu iko kwenye spika.

“Rudia polepole, madam. Binti anaandika.”

Nikarudia.